Kwa Mwanangu, Aliyekabidhiwa Sheria za Zamani

Malindi

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imenifikia pamoja na bahasha ya nakala uliyompa dereva wa matatu. Nimezisoma zote, hata zile zilizofifia wino nikalazimika kuzipeleka dirishani. Baba yako ananiambia umenuna. Umesoma sheria, umeingia ofisi ya wakili wa kaunti kwa juhudi zako mwenyewe, halafu wenzako wanapewa mikataba ya hospitali na wewe unaachiwa kupekua sheria ndogo za mabaraza yaliyovunjwa mwaka 2013, ada za mikokoteni na faini za mbwa. Mimi nasema wamekupa kazi nzito kuliko yao, ila hawajui. Mkataba wa hospitali husomwa na mawakili wa pande mbili kabla haujatiwa saini. Hizo karatasi zako hutekelezwa na askari wa kanjo akiwa peke yake, saa kumi na mbili asubuhi, kwenye kituo cha magari, mbele ya mwanamke aliyebeba beseni. Na usidhani ni kazi ya pembeni. Sheria ya Ofisi ya Wakili wa Kaunti ya mwaka 2020 inataja kupitia upya sheria za kaunti miongoni mwa majukumu ya mkubwa wako.

Unaniuliza uanzie wapi. Mimi si wakili. Nilikaa masjala ya baraza moja, ambalo sitalitaja, hadi nikastaafu, na ninalolijua ni karatasi: inazaliwaje, inafichwaje, inatolewa lini na nani anaitoa. Basi anzia kwenye karatasi.

Kilifi hii yetu ilitokana na mabaraza matano: Manispaa ya Malindi, Baraza la Kaunti ya Malindi, Baraza la Kaunti ya Kilifi, Baraza la Mji wa Kilifi na Baraza la Mji wa Mariakani. Jirani zetu wa Mombasa walikuwa na manispaa moja tu, kwa hiyo wao walirithi rafu moja. Sisi tulirithi rafu tano, na kila baraza lilikuwa na uwezo wa kujitungia sheria ndogo zake. Mtu alivuka mpaka wa manispaa kuelekea mashambani akawa amevuka na sheria pia, wala hapakuwa na kibao cha kumwambia. Miaka mingi baada ya ugatuzi, bado unaweza kukuta ofisa wa mapato anashika jedwali la ada la baraza moja na kulitumia kwenye soko lililokuwa la baraza jingine. Humlaumu, alipewa lile lililokuwepo mezani.

Kwa hiyo, kabla ya kuongeza hata sentensi moja kwenye mswada wa kuzibadilisha sheria hizi, jua una nini. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, ile Sura ya 265, sheria ndogo haikuwa sheria kwa sababu madiwani wameipigia makofi. Ilihitaji azimio la baraza, idhini ya Waziri wa Serikali za Mitaa, kisha kuchapishwa katika Gazeti Rasmi. Kwa kila karatasi uliyo nayo tafuta vitu hivyo vitatu. Nimeshuhudia kwa macho yangu ada zikitozwa kwa miaka kwa nguvu ya karatasi iliyopigwa taipu, ina muhuri mzuri wa mviringo, na faili lake halina barua ya waziri wala namba ya tangazo. Aliyeuliza aliambiwa "ndiyo sheria". Wewe ukikosa tangazo, andika kwamba halikupatikana. Usiisaidie karatasi yatima kupata ukoo. Nakala za Gazeti Rasmi zinasomeka siku hizi katika mtandao wa Kenya Law; sisi tulikuwa tukizipanda ngazi kuzitafuta.

Tena angalia marekebisho. Ada zilibadilishwa mara nyingi kuliko vifungu, na kwenye nakala za ofisini mabadiliko yaliandikwa kwa kalamu pembeni au kubandikwa kwa gundi juu ya maneno ya zamani. Karatasi ya kubandika ikidondoka, ada ya zamani inafufuka. Sikutanii.

Utakutana na watu watakaokuambia usijisumbue, zile sheria zilikufa na mabaraza yake. Hazikufa kirahisi hivyo. Ni kweli Sura ya 265 ilifutwa matokeo ya uchaguzi wa kwanza wa kaunti yalipokamilika kutangazwa, Machi 2013. Lakini unajua vizuri kunishinda kwamba Sura ya 2, ile sheria ya kutafsiri sheria, kifungu cha 24, inaziacha hai kanuni zilizotungwa chini ya sheria iliyofutwa mpaka zitakapofutwa zenyewe, maadamu hazigongani na sheria mpya. Na Jedwali la Sita la Katiba linasema sheria zilizokuwepo ziendelee, zisomwe kwa kurekebishwa ili zilingane na Katiba. Mahakimu wakaendelea kutoza faini kwa hizo hizo.

Waliokufa ni watu waliotajwa ndani yake. Soma nakala zako tena ukiwatafuta hao tu. "Karani wa Mji" hayupo. "Baraza" halipo. Waziri wa Serikali za Mitaa hayupo, na wizara yake haipo. Sasa tazama lilipotua pigo. Kifungu cha kosa hakimhitaji Karani wa Mji. Kinamhitaji askari, na askari yupo, alihamishiwa kaunti pamoja na kofia yake. Lakini kifungu kinachosema aliyenyimwa leseni aombe kwa Baraza, au akate rufaa kwa Waziri, kinamhitaji mtu ambaye hayupo tena. Upande wa adhabu ukabaki na mtekelezaji, upande wa haki ukabaki bila wa kuupokea. Ndiyo maana nakuomba ukatae kabisa lile wazo ambalo lazima mtu atalitoa kwenye kikao: kwamba tufungue nakala kwenye kompyuta, kila palipo na "Baraza" pasomeke "Kaunti", kazi iishe wiki hii. Waziri wa zamani umpeleke wapi? Kwa gavana, kwa mwanakamati wa kaunti anayeshughulikia biashara, au kwa Bunge la Kaunti? Kila jibu ni uamuzi kuhusu nani atamsikiliza nani, na kompyuta haiwezi kukuamulia.

Ukishazisoma zote utaona nyingi zinakataza na kutoza, chache mno zinaahidi huduma. Wengi hudhani ni ukali wa madiwani wa zamani. Mimi naona chanzo kingine. Miaka ya mwanzo ya uhuru mabaraza ya kaunti yalikuwa na shule za msingi, afya na barabara. Mwaka 1969 Bunge likapitisha sheria ya kuhamisha majukumu hayo, na kuanzia 1970 yakarudi Nairobi; manispaa chache kubwa tu ndizo zilizobakishiwa. Baraza lililonyang'anywa shule na zahanati likabaki na soko, kichinjio na askari. Lingetunga sheria za nini kama si za soko, kichinjio na askari? Lilihitaji mishahara, na mshahara ulitoka kwa muuza ndizi.

Nyuma ya hapo kuna tabaka la kikoloni, ambalo lina tabia tofauti. Sheria ya manispaa ya 1928, iliyofuata Tume ya Feetham, ilitengeneza miji ambamo Mwafrika alikuwa mgeni wa kazi, na mgeni asiye na kazi alikuwa mzururaji. Sheria ya Uzururaji ya kitaifa ilifutwa mwaka 1997. Maneno yake yalikuwa yameshateremka na kujificha chini, kwenye sheria ndogo za miji, ambako hakuna mbunge aliyeangalia. Ukikuta "kuzurura", "kurandaranda", "kukaa mahali pa umma bila sababu ya kuridhisha", jua umekutana na kipande cha sheria hiyo.

Usidhani ni mambo ya wazee pekee. Nairobi walitunga sheria ndogo mpya za kero mwaka 2007, na ndani yake wakaweka kosa la kupenga kamasi barabarani bila kitambaa. Karne mpya, roho ile ile. Lakini upepo umegeuka. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji zinakinzana na Mkataba wa Afrika, na kwamba mataifa yanapaswa kuzirekebisha au kuzifuta, sheria ndogo zikiwemo. Ukipata mwakilishi wadi mkaidi kwenye kamati, mpe maoni hayo asome. Ni marefu, yatamtuliza.

Sasa nifike panaponichoma. Umeniandikia kwamba kamati inapendelea adhabu ya "faini isiyozidi kiasi fulani, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili" kwa makosa yote, ili mswada uwe na sura moja. Soma Kifungu cha 49(2) cha Katiba kabla hujakubali. Mtu hawekwi rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Ukiandika miezi sita, muuza karanga anarudi nyumbani kusubiri kesi. Ukiandika mwaka mmoja ili ukurasa upendeze, umemfungulia mlango wa rumande kwa karanga. Hakuna mtu katika kikao hicho atakayekuwa amekusudia hilo. Litatokea kwa sababu mtu alipenda ulinganifu.

Na miezi sita nayo ni mingi. Fikiria Ijumaa alasiri. Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, na saa hizo zikiishia nje ya muda wa mahakama, basi siku ya mahakama inayofuata. Aliyekamatwa Ijumaa jioni anaweza kukaa seli ya polisi hadi Jumatatu asubuhi kama hakupata dhamana ya polisi, na hapo hakuna kifungu kilichovunjwa. Nani anachukua watoto shule? Samaki wa kwenye beseni wamekuwaje? Kwa hiyo napendekeza, tena napendekeza kwa nguvu: makosa mengi humo yasiwe jinai hata kidogo. Mtu ameweka kibanda juu ya mtaro? Apewe ilani ya maandishi, siku za kuhama, na ada ya kuondolewa asipohama. Mbwa hana leseni? Alipe leseni na nyongeza ya kuchelewa. Jinai uiweke kwa yule anayemwaga maji machafu ya hoteli baharini, au anayechinja nyama isiyokaguliwa akaiuza. Hao ndio wanaoua watu.

Kuna kifungu kimoja nakuomba ukiandike hata kama wataondoa mengine yote, kile cha mali iliyochukuliwa. Sheria za zamani zilimpa askari uwezo wa kutwaa bidhaa. Masjala yangu ilikuwa na daftari la mbwa, daftari la mikokoteni, daftari la makaburi. La mali ya wachuuzi iliyotwaliwa halikuwepo. Magunia ya machungwa yaliingia uani kwetu asubuhi, jioni hayapo, na hapakuwa na mstari mmoja wa wino kueleza yalikokwenda. Kila mtu ofisini alijua. Basi andika: askari asitwae kitu bila kuacha orodha yenye jina lake na namba yake, bidhaa za kuharibika zirudishwe siku hiyo hiyo baada ya ilani kuandikwa, zisizoharibika zikombolewe kwa ada iliyotajwa, mahali palipotajwa, ndani ya muda uliotajwa, na kaunti ilipe kilichopotea mikononi mwake. Watakuambia ni maelezo madogo yanayofaa kanuni, si sheria. Waambie kanuni ndizo zilizokosekana miaka yote hiyo.

Kuhusu mnazi nina maneno mengi, na hapa ndipo nakala za kuazima zitakapowaumbua. Najua Tume ya Kurekebisha Sheria hutoa miswada ya mfano kwa kaunti, na ni msaada mzuri, hasa kwa mpangilio wa vifungu. Lakini leseni za vileo ni jukumu la kaunti kwa Jedwali la Nne la Katiba, na mswada ulioandikwa kwa kufikiria baa ya chupa hauwezi kuujua mti wetu. Sheria ya kitaifa ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010 iliweka saa za baa: kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana wikendi na sikukuu, hadi saa tano usiku. Sasa muulize mgema yeyote wa Kaloleni. Anapanda na kotama yake alfajiri, anateremsha tembo tamu lenye povu. Kufikia adhuhuri limeshachachuka kidogo, jioni ni kali, kesho yake linaelekea kuwa siki. Ukimwambia auze kuanzia saa kumi na moja jioni, umemwamuru auze kikali na kumwaga kitamu. Sheria iliyokusudia kupunguza ulevi ikawa inasukuma watu kwenye kilicho kikali zaidi.

Sisemi mangwe, vile vilabu vya mnazi, zifunguliwe mchana kutwa. Nimewaona vijana wa Ganze waliopotelea humo, nawe unawajua wawili kwa majina. Nasema mtenganishe mambo: mgema anayeuza cha miti yake nyumbani, mangwe yenye viti na muziki, mfanyabiashara anayesomba madumu hadi Mtwapa na Mombasa, na kadzama ya wazee kwenye mahari, ambayo si biashara na haihusiani na leseni. Ukiwaweka wote chini ya neno "muuzaji", polisi ndiye atakayechagua wa kumkamata, na atamkamata aliye karibu na barabara. Nenda kawasikilize wagema kabla hujaandika. Si kwenye ukumbi wa hoteli. Nenda asubuhi, wakiwa chini ya miti.

Kodi ya viwanja usiiguse, ina sheria yake mpya ya kitaifa ya mwaka 2024. Ujenzi pia. Zile sheria za ujenzi tulizozitumia zilikuwa za 1968, za kuasiliwa tu, baraza halikuandika neno lake hata moja, na sasa kuna Kanuni za Kitaifa za Ujenzi. Zitaje kwamba zimepitwa, uendelee.

Pesa, hata hivyo, uzishike kwa uangalifu. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa, kusamehewa au kubadilishwa isipokuwa kwa sheria. Zamani jedwali la ada lilibadilishwa kwa azimio la jioni moja. Ushauri wangu ni kwamba sheria kuu iseme nani anahitaji leseni na kwa nini, na kiwango kikae katika Sheria ya Fedha ya kila mwaka, ili wanaobishana kuhusu shilingi mia mbili wasilazimike kufungua upya sheria nzima ya soko. Ushuru wa mazao una ugonjwa wake. Mabaraza yaliutoza kwa mgongo wa Sheria ya Kilimo, na sheria hiyo ikaondolewa katika mageuzi ya 2013. Anayesimamisha lori la korosho, la mawe ya Jaribuni au la chumvi ya Gongoni leo lazima aweze kuonyesha kifungu cha kaunti kinachomruhusu, si kizuizi cha mbao na kijana mwenye kitabu cha risiti. Hata akikionyesha, Kifungu cha 209(5) kinakataza kaunti kutoza kwa namna inayozuia bidhaa kutembea nchini. Mariakani ipo kwenye barabara kuu ya Nairobi. Kishawishi pale ni kikubwa na kesi zitakuwa kubwa vilevile.

Ukitaka kujua gharama ya haraka, soma kesi ya Gakuru dhidi ya Gavana wa Kiambu. Aprili 2014 Jaji George Odunga aliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kiambu ya mwaka 2013 yote, kwa sababu umma haukushirikishwa inavyopasa, na Mahakama ya Rufaa ikakubaliana naye baadaye. Tangazo la siku moja gazetini halikumtosha, akizingatia ni wangapi wanaoweza kununua gazeti. Alitaka waheshimiwa wawafuate watu makanisani, misikitini, kwenye mabaraza na kwenye redio za lugha za nyumbani. Nawajua watu wetu. Mkiita kikao Kilifi mjini saa tatu asubuhi watakuja wale wale wanaoishi kwa posho za vikao, watatia saini na kula. Wanawake wa soko hawawezi kuja saa tatu, wako sokoni. Basi kikao kiwe sokoni, alasiri mauzo yakipungua. Wadi ziko 35, hamwezi kufika zote kwa wiki moja, na msijaribu. Na mswada uwe na toleo la Kiswahili, la kusomeka, si muhtasari wa ukurasa mmoja uliopambwa kwa nembo. Kiswahili ni lugha rasmi kwa Katiba hii hii. Huko Ganze na Magarini tafuta mtu wa kueleza kwa Kigiriama, asiwe diwani wa zamani.

Najua mkubwa wako anataka mswada upite kabla ya bajeti. Mwambie kesi nayo ina kalenda yake.

Ukurasa ambao mimi nitaufungua kwanza mswada ukichapishwa ni wa mwisho, jedwali la kufuta. Kufuta kwa maneno ya jumla, "sheria ndogo zote zinazokinzana na Sheria hii zimefutwa", ni uvivu. Askari atakuambia yake haikinzani. Zitaje moja moja: jina, baraza, mwaka, namba ya tangazo. Bunge la taifa linajua kufanya hivyo likitaka. Sheria ya Mazao ya 2013 iliorodhesha nyuma yake sheria nyingi za zao moja moja, na miongoni mwao ikaiondoa hata Sheria ya Kuhifadhi Minazi, ambayo nadhani watu wengi wa pwani hii walizaliwa na kufa bila kujua ipo. Wapo mawakili watakaokuambia zako zimeshakwisha zenyewe, kwa kuwa Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 huiua hati ndogo ikitimiza miaka 10. Waache wakabishane huko mahakamani. Wewe zifute kwa majina, halafu uazime wazo hilo kwa ajili ya sheria yako mpya: kila kifungu cha ada na adhabu kipitiwe baada ya miaka 10, kisipothibitishwa tena kiondoke. Mtoto wako asije akakabidhiwa kabati.

Kuna jambo la haraka, nalo ndilo lililonifanya niandike leo badala ya kungoja uje. Rasimu yako ya vifungu vya mpito inawakumbuka wenye leseni zilizolipiwa mpaka Desemba, vizuri. Haisemi kitu kuhusu walio na kesi mahakamani siku sheria mpya itakapoanza, ambayo itakuwa siku ya kumi na nne baada ya kuchapishwa kama hamtaandika vingine. Sura ya 2 inahifadhi kesi zilizoanza chini ya sheria iliyofutwa, kwa hiyo zitaendelea. Lakini Kifungu cha 50(2) cha Katiba kinampa mshtakiwa adhabu iliyo nafuu kati ya ya zamani na mpya, na kama kosa lake mmeliondoa kabisa kuwa jinai, je, hakimu afanye nini naye? Mwandikie hakimu jibu. Sema waziwazi kwamba mashtaka ya makosa yaliyoondolewa yakome, na bidhaa zilizozuiliwa zirudishwe. Kabla hujaandika, nenda kwa karani wa mahakama Malindi, Kilifi, Mariakani na Kaloleni, uombe hesabu ya faili za sheria ndogo zilizo wazi. Ukiipata hesabu hiyo nipigie, usiku baada ya taarifa ya habari, tukae nayo pamoja.

Shangazi yako